Mashini ikikwama katikati ya Linux, tuulize kwanza imekwamia wapi



Tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft imefunga huduma ya kawaida ya Windows 10. Mashini haikuzimika siku ile, inaendelea kuwaka kama jana, lakini marekebisho ya usalama yaliyokuwa yanaingia kila mwezi yamekoma. Na Windows 11 haikubali kila mashini: inadai memori ya giga 4 angalau, nafasi ya giga 64, na kipande kidogo cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Sasa tuangalie laptopu zilizo katika vikundi vyetu hapa Lubumbashi. Ni za mitumba, zimepitia Kasumbalesa au zimetumwa na shemeji aliye Ubelgiji, na nyingi zilishafanya kazi miaka 8 au 10 katika ofisi za watu wengine kabla ya kufika mezani petu. Hizo Windows 11 haiziangalii hata usoni.

Ndiyo sababu vijana wanapita sasa wakiwaambia wamama: "Leteni mashini, tuwawekee Linux." Shauri lao si baya, na sisi walimu tunaoshughulika na mashini za vikundi tunaliunga mkono. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki, Finland. Yeye aliandika moyo wa mfumo. Watu wengine wanauzungushia programu na kuutoa kwa majina yao. Ubuntu ilitoka mwaka 2004 kwa juhudi ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina hilo kwetu halihitaji mkalimani: ni bumuntu, ni utu. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu. Hiyo ndiyo tunayoipendekeza kwa vikundi, hasa aina yake ya Xfce, kwa sababu inaweza kufanya kazi na memori ya giga 2 (4 ni bora), na kwa sababu sura yake haimshtui mama aliyezoea Windows: menyu iko chini kushoto, saa iko chini kulia. Toleo la 22 litapata marekebisho mpaka mwaka 2029. Na hailipiwi. Fundi kuomba malipo ya mikono yake ni haki yake, lakini akitaka kukuuzia "leseni ya Linux Mint", mwambie arudi nayo kwake.

Shida inakuja kazi inapokwama katikati. Kioo kinabaki cheusi, au maandishi meupe yanasimama, au mashini inawaka lakini inakataa neno la siri. Hapo mama mwenye mashini hajui aulize nini, na fundi aliyechoka anatamka lile neno linalofunga mazungumzo yote: karti mere imekufa. Tumelisikia mara nyingi mpaka tunashangaa mashini za Lubumbashi zina karti mere dhaifu namna gani.

Mwezi wa Novemba kikundi kimoja cha akiba kilituletea mashini ya namna hiyo. Wamama 24, wanaweka akiba kila juma na kugawana mwezi wa Desemba kabla ya Noeli. Daftari la karatasi walikuwa nalo, lakini liliishia mwezi wa sita. Tangu hapo mama karani aliandika kila kitu ndani ya Excel, katika mashini hiyo moja tu: nani ameweka hisa ngapi, nani amekopa, nani bado anadaiwa. Fundi alianza kuweka Linux, kioo kikawa cheusi. Akajaribu mara tatu. Akasema karti mere imekufa, akawapa bei ya mashini nyingine, dola 120, na akaomba wamwachie ile ya zamani ili atoe vipande. Ndani yake miezi mitano ya hesabu. Mama Prezida wao alikuwa ameanza kuhesabu vidole: nani atakubali kugawana kwa kukumbuka tu?

Hatukugusa mashini kwanza. Tulimuuliza mama karani, kwa kuwa alikuwa amekaa karibu na fundi muda wote: ulipobonyeza tushi ya kuwasha, alama ya kampuni ilitokea kwenye kioo? Ilitokea. Orodha ya Linux Mint ilitokea? Ndiyo, yenye mistari michache. Halafu? Halafu giza. Fundi alifika ukurasa unaouliza juu ya diski? Hapana, hakufika.

Majibu hayo manne yalitosha kututuliza. Mashini ambayo karti mere yake imekufa haionyeshi alama, haisomi flashi, haichori orodha. Hii ilifanya hayo yote. Na kwa kuwa hawakufika ukurasa wa diski, hakuna kilichokuwa kimefutwa.

Tufahamu njia yenyewe, maana kuweka Linux ni safari yenye vituo. Kwanza faili kubwa ya karibu giga 3 inashushwa kutoka intaneti. Inaandikwa juu ya flashi. Mashini inaambiwa iwake kwa flashi, si kwa diski yake ya ndani. Orodha inatokea. Kisha Linux inafunguka yote nzima kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski, unaweza kuijaribu kama mtu anayeonja mboga kabla ya kupakua bukari. Baada ya hapo tu, ukiamua, unabonyeza kitufe cha kuweka, ukurasa wa diski unakuja, na kuanzia pale ndipo vitu vinaweza kufutwa. Kila kituo kina magonjwa yake, na ugonjwa wa kituo cha pili hautibiwi kwa dawa ya kituo cha tano.

Giza baada ya orodha linatoka, mara nyingi sana, kwenye kipande kinachochora picha. Linux inajaribu kukiendesha kwa namna ya kisasa, nacho hakielewi. Dawa iko katika orodha ileile: badala ya mstari wa kwanza, shuka kwa mshale mpaka ule wenye maneno "compatibility mode", halafu bonyeza Entrée. Maana yake ni kwamba mashini itachora kwa njia nyepesi, ya polepole, inayokubalika karibu na kila mahali. Ndivyo tulivyofanya. Dakika tatu, labda nne, kwa flashi ya mwendo wa kobe, na meza ya Linux Mint ikatokea. Wamama waliokuwa wamesimama mlangoni wakapiga vigelegele. Tukawaomba wangoje kidogo.

Kwa sababu kazi ya kwanza haikuwa kuweka Linux. Ilikuwa kutoa hesabu. Wengi hawajui kwamba Linux inayoendeshwa kutoka flashi inaweza kufungua diski ya Windows na kusoma faili zake. Unafungua kidirisha cha faili, upande wa kushoto unaona diski ya ndani, unaibonyeza, unaingia dosye ya Users, halafu jina la mwenye mashini, halafu Documents na Desktop. Faili ya hesabu ilikuwa pale, na picha za ubatizo wa watoto pia. Mashini ilituonya kwamba diski inaweza kusomwa tu, haiwezi kuandikwa. Onyo hilo lisiwatishe. Windows 10 mara nyingi haizimiki kabisa, inalala nusu usingizi ili iamke haraka, na Linux ikikuta diski katika hali hiyo inakataa kuiandikia isije ikaiharibu. Kusoma kunatosha kwa kunakili.

Tulichomeka flashi ya pili, tukanakili Documents, Desktop na picha. Kisha tukaichomoa, tukaipeleka kwenye mashini nyingine, tukafungua faili ya hesabu mbele ya mama karani, akasoma majina mpaka la mwisho. Hapo tu tukasema tunayo. Faili iliyonakiliwa bila kufunguliwa bado ni ahadi. Nakala nyingine ilikwenda kwa mama mweka hazina, ikae lupango tofauti na nakala ya kwanza.

Jambo moja lingeweza kutuzuia: diski iliyofungwa kwa BitLocker, ambao ni ufunguo wa Windows. Mashini zilizotoka ofisi za Ulaya wakati mwingine zinao. Linux ikiiona diski hiyo itaomba ufunguo wenye tarakimu 48, na bila huo hakuna fundi wa mjini atakayeifungua. Kama Windows bado inawaka, ni afadhali kufungua diski hiyo huko kwanza, kabla ya flashi yoyote.

Sasa ukurasa wa diski. Kwa Kifaransa unaandika "Effacer le disque et installer Linux Mint", na hapo "effacer" ni effacer kweli, kuanzia mwanzo wa diski mpaka mwisho. Kuna chaguo jingine, kuweka Linux kando ya Windows, na kila mfumo kubaki na sehemu yake. Kwa mashini yenye diski kubwa na mama anayetaka kuzoea taratibu, hilo ni jema. Kwa kikundi hiki tulifuta yote, kwa ruhusa iliyotamkwa na kamati nzima, si na mtu mmoja. Tungependa vikundi vyote vishike desturi hiyo: fundi asibonyeze pale peke yake.

Na kabla ya kubonyeza, tuliangalia umeme. Batri ya mashini ile ilikuwa inashika dakika 10 tu, na delestaji haipigi hodi. Diski ikikatiwa umeme wakati inaandikwa, karti mere haifi, lakini mfumo unabaki nusu, na inabidi kuanza upya. Tulingoja saa ambayo mtaa huwa na umeme bila kukatika, asubuhi sana. Mwenye batri ya jua na inveta aitumie. Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa moja.

Klavye ndiyo mtego ambao umewaliza wamama wengi kuliko giza lile. Laptopu zinazotoka Ubelgiji zina klavye ya Kibelgiji: herufi zimepangwa AZERTY kama za Kifaransa, lakini alama kama @, !, - na = ziko mahali pengine. Zinazotoka Zambia na Afrika Kusini ni QWERTY: A iko mahali pa Q, Z mahali pa W. Wakati wa kuweka, Linux inauliza klavye gani. Fundi mwenye haraka anaacha iliyopendekezwa, kisha mama anaandika neno lake la siri bila kuliona, maana linafichwa kwa vidoti. Kesho yake klavye ikibadilishwa, vidole vinapiga palepale lakini herufi si zilezile. "Linux imenisahau," anasema. Haijamsahau. Katika ukurasa wa kuchagua klavye kuna kisanduku cha kujaribia. Andikeni pale neno la siri lote, mlione kwa macho, kisha mwendelee. Na kwa aliyekwisha kukwama mlangoni: kama ukurasa wa kuingia una mahali pa kuandika jina, jaribu kuandika neno la siri pale, utaona vidole vyako vinatoa herufi gani. Ila ulifute kabla mtu hajapita nyuma yako.

Baada ya kumaliza, mashini iliombwa izimike na kuwaka tena, na giza likarudi. Mama Prezida alishika kichwa. Lakini tulilitegemea: ile njia nyepesi ya kuchora tuliichagua kwa flashi, na mfumo mpya uliowekwa ndani ulikuwa haujaambiwa. Katika orodha ya kuwakia kuna mstari wa "Options avancées", ndani yake kuna njia ya kuokoa, unaichagua, halafu unachagua kuendelea, na meza inafunguka. Ukishaingia, unafungua Gestionnaire de pilotes ili kuona kama kuna programu inayofaa kipande cha picha. Isipokuwepo, linaongezwa neno moja, nomodeset, katika mipangilio ya kuwakia, ibaki hivyo siku zote. Hilo mwachieni fundi au kijana wa masomo ya kompyuta. Ni dakika tano kwa anayejua.

Wi-Fi pia haikuonekana. Vipande vingine vya Wi-Fi vinahitaji programu ambayo watengenezaji wake hawakuruhusu igawanywe kwa uhuru, hivyo haimo ndani ya mfumo mara ya kwanza. Unahitaji intaneti ili upate programu ya intaneti, kama mtu anayeambiwa alete barua kutoka ofisi ambayo haingiliki bila barua. Simu ndiyo inavunja duara hili. Chomeka simu ya Android kwa waya wake wa chaji kwenye laptopu, ingia mipangilio ya simu, washa "partage de connexion par USB", na Linux inaiona simu kama waya wa intaneti. Gestionnaire de pilotes inaleta kile kinachokosekana. Jihadharini tu na mega: msiruhusu marekebisho yote ya mfumo yashuke wakati huo, yatakula forfait nzima. Hayo yangoje mahali penye Wi-Fi isiyohesabu.

Intaneti ilipopatikana, kurasa zikakataa kufunguka, zikisema muunganisho si salama. Kabla ya kulaumu kampuni ya simu tuliangalia saa. Ilikuwa inaonyesha tarehe ya nyuma sana. Ndani ya laptopu kuna batri ndogo ya duara, mara nyingi ile inayoitwa CR2032, inayotunza saa wakati mashini imezimwa. Ikiisha, mashini inaamka bila kujua ni siku gani, na kurasa za intaneti zina hati zenye tarehe ya kuanza na kuisha. Saa ikiwa ya uongo, hati zinaonekana za uongo pia. Tulirekebisha tarehe kwa mkono na kazi ikaendelea. Batri hiyo inauzwa kwa falanga chache, na kikundi cha hesabu hakina ruhusa ya kuichelewesha: faili zinazoandikwa na mashini yenye saa mbovu zinabeba tarehe za uongo, na siku ya ugomvi tarehe ndiyo shahidi.

Mashini nyingine zinakwama mapema zaidi, hata orodha haitokei. Tukiona hivyo tunashuku flashi kwanza. Kunakili ile faili ya giga 3 juu ya flashi kama tunavyonakili wimbo haitoshi; inaandikwa kwa programu maalum kama Rufus au balenaEtcher, inayoifanya flashi iweze kuwasha mashini. Flashi za bei rahisi za sokoni nazo ni hatari: imeandikwa giga 64 mgongoni, ndani kuna giga 4 zinazojidanganya. Na faili ikiwa imeshushwa kwa mtandao unaokatika, inaweza kuwa na tundu. Watengenezaji wanatoa pamoja na faili alama ya herufi 64 iitwayo SHA256; programu inahesabu alama ya faili uliyo nayo, na herufi moja tu ikitofautiana, faili itupwe ishushwe upya. Muulize fundi kama aliilinganisha. Akikutazama kwa mshangao, umepata jibu.

Kuna pia zile zinazokataa kuwakia kwa flashi. Tushi ya kubonyeza inatofautiana: Dell na Lenovo nyingi ni F12, HP ni Esc halafu F9. Ibonyezwe mara tu mashini inapowaka, si baada ya Windows kutokea. Na pengine ukurasa wa diski unafika lakini diski haionekani. Mara nyingi imefungwa chini ya mpangilio wa Intel unaoitwa RST, na katika BIOS inabidi kuhamia AHCI. Onyo: ukibadilisha hapo wakati Windows bado ipo, Windows inaweza kukataa kuwaka. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutoa nakala mwanzo.

Mashini ya wale wamama 24 sasa inafungua hesabu kwa LibreOffice, ambayo imo ndani ya Linux Mint bila malipo na inasoma faili za Excel na Word. Jumla zote zilitoka sawa na zile za mwanzo. Tulizilinganisha mstari kwa mstari na karatasi ya mwezi wa sita. Kitu kimoja hakijatii: mashini yao ya kuchapa ya zamani inatoa kurasa zenye mistari mieupe katikati, na bado tunatafuta kama ni wino au ni programu.

Kundi la walimu linakaa Jumamosi baada ya saa nane mchana, katika jumba la chama. Anayekuja na mashini iliyokwama alete chaja yake, flashi mbili, moja tupu na moja ya nakala, waya wa simu, na kama inawezekana yule aliyekuwepo wakati mashini inakwama. Yeye ndiye tutakayemuuliza kwanza.